Tundu Mahali Pake

Lango la ngome ya Masmak, katikati ya Riyadh, lina mlango mwingine ndani yake. Lango lenyewe ni kubwa: kimo chake mita 3.60, upana mita 2.65, limeungwa kwa mashina ya mtende na mbao za mti uitwao athli, likakazwa kwa mihimili mitatu minene iliyolala. Katikati pamekatwa kilango kidogo ambacho mtu mzima hapiti ila kwa kuinama, mguu mmoja mbele, kichwa chini, mabega ameyakunja. Wenyeji hukiita khokha. Siku ya kwanza nililitazama lango, kama wafanyavyo wageni wengi. Siku ya pili nilikaa kivulini upande wa pili wa uwanja nikakitazama kilango, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu fundi. Mbao alizipanga vizuri, naam. Lakini akili yake kubwa ipo pale alipoziondoa.

Fikiri kwanza kazi ya kila siku, ngome ilipokuwa bado ikitumika. Lango zima hufunguliwa pale ngamia anapoingia na mizigo ubavuni, na kuliburuta si shughuli ndogo. Anayebeba kiriba cha maji au kikapu cha tende hahitaji yote hayo. Khokha humtosha, na joto la mchana na vumbi la uwanjani hubaki nje. Mwenye shari naye khokha humtosha, kwa namna nyingine. Hawezi kuingia bega kwa bega na wenzake. Hawezi kuingia ameinua upanga. Kitu cha kwanza anachomkabidhi mlinzi aliye ndani ni kisogo chake. Mlinzi mmoja mwenye rungu, akiwa macho, anaweza kuulinda mlango wa ngome nzima.

Ngome hii ilijengwa mnamo 1865. Usiku mmoja wa Januari 1902, Abdulaziz bin Abdulrahman Al Saud, kijana aliyekuwa akiishi uhamishoni Kuwait, aliingia mjini na kikosi kidogo wakavizia ndani ya nyumba iliyoelekeana na lango. Ajlan, aliyeushika mji kwa niaba ya ukoo wa Al Rashid wa Hail, alipotoka asubuhi walimrukia. Akakimbilia khokha. Pale alipoinama kupita, kilango kilichowekwa kumbana adui kilimbana mwenye ngome mwenyewe, nusu ndani, nusu nje, washambulizi wamemkamata miguu. Akaponyoka, mapigano yakaingia ndani, akauawa, na ngome ikatekwa. Ncha ya mkuki uliorushwa asubuhi ile imebaki ndani ya ubao karibu na khokha, ukisogea utaiona. Kwa muda wa pumzi chache tundu lilifanya kazi yake sawasawa, ila juu ya mtu mwingine.

Ukuta unaolishika lango hilo ni udongo mtupu. Nilikwenda kuona udongo wa namna hiyo ukiandaliwa Diriyah, kaskazini-magharibi mwa Riyadh, ambako mtaa wa kale wa Turaif uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2010. Mafundi walikuwa wameuchekecha udongo kuondoa kokoto, wakaumwagia maji kidogo kidogo, wakatia mabua ya ngano yaliyokatwakatwa, kisha wakaingia kwa miguu. Kukanyaga huko kuna mpango wake. Kisigino hutangulia, vidole hufuata, na mkanyagaji huzunguka kutoka ukingoni kwenda katikati ili pasibaki bonge kavu hata moja. Halafu wanauacha. Rundo hukaa siku kadhaa limefunikwa magunia, likinuka kama zizi, mabua yakilegea na udongo ukianza kuvutika kama unga uliokandwa vizuri. Fundi mkuu huchota kidogo, hunusa, husugua kwa kidole gumba, hurudisha. Nilimwona akifanya hivyo asubuhi na jioni, na mara zote mbili akalifunika rundo tena bila kusema neno.

Siku ilipofika, kalibu zikatolewa majini. Kalibu ni fremu ya mbao isiyo na kitako. Fundi huiweka juu ya ardhi iliyonyunyizwa makapi, hubamiza bonge la udongo ndani kwa nguvu ili lijaze pembe, hupitisha kiganja juu, kisha huinua kalibu wima bila kutikisika. Tofali hubaki chini likimeremeta maji, pembe zake zimesimama. Uso ukishakauka hulisimamisha kwa ubavu ili upepo uupate upande wa pili. Kwetu tunafyatua matofali kwa namna inayokaribiana na hiyo, nami nilidhani najua kila kitu, mpaka nilipovunja moja lililokuwa limekataliwa. Ndani mlikuwa na vijia vyembamba kila mahali bua lilipolala. Humo ndimo maji yalimopitia kutoka taratibu, ndiyo maana tofali halipasuki linapokauka. Humo pia hukaa hewa, na joto huvuka kwa shida. Ukuta mnene wa matofali haya hulipokea jua la adhuhuri na kulifikisha ndani usiku, wakati watu wamekwishapanda darini kulala. Tufe la mzinga nalo likiupiga udongo wa aina hii huzama, pale ambapo jiwe lingeruka vipande. Diriyah ilizingirwa takriban miezi 6 mwaka 1818 na jeshi la Ibrahim Pasha wa Misri lililokuja na mizinga, kabla ya kusalimu amri.

Juu ya kuta hizo kuna safu za matundu ya pembetatu. Tundu la mraba katika udongo lingetaka ubao wa kubeba matofali yaliyo juu yake, na mbao katika Najd, eneo hili la Riyadh, ni mali. Pembetatu hujibeba: matofali mawili yameegemeana vichwa kama watu wanaonong'onezana. Hewa moto iliyopanda hutokea hapo. Na juu ya mlango wa nyumba utaona kisanduku kilichochomoza ukutani, kiitwacho tarma, chenye vitundu vilivyoelekea chini. Mama wa nyumba alisimama ghorofani akamwona anayebisha hodi kuanzia utosini hadi viatuni. Mgeni akitazama juu haoni ila ukuta. Kwenye ngome, pahali kama hapo huwa pa mlinzi, na kinachoshuka huenda kisiwe macho tu.

Matundu hayo niliyaona kwa kutazama juu. Kitasa nilikiona kwa kukaa chini.

Fundi wa vitasa nilimkuta katika karakana ndogo hukohuko Riyadh, mzee wa miaka kama 70, amekaa juu ya mkeka, mguu wake wa kulia umekanyaga ubao na kuushika kama jiriwa. Nilimwita ami, kama ninavyomwita mtu wa rika lake nyumbani, na neno hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Akaniashiria nikae upande ambao sitamzibia mwanga.

Kitasa cha mbao cha Najd kina mwili, komeo, vijiti na ufunguo, na hiki alichokuwa akikitengeneza hakikuwa na chuma hata chembe. Mti ni athli, mti wa jangwani wenye majani membamba kama nyuzi. Ukiuona kwa mbali utaudhani mvinje wa kwetu pwani. Ubao alioutaka ulikuwa umekaa darini misimu miwili ya joto. Aliusogeza sikioni, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akauweka chini. Akachukua wa pili, akaugonga, akauweka chini. Wa tatu akaukubali. Nilijaribu kusikia tofauti na sikuisikia.

Akaanza na mwili, kipande kinene chenye urefu wa shibiri moja na nusu. Tezo ilikwenda kwa mapigo mafupi, na kila pigo liling'oa ganda jembamba la ukubwa uleule. Kisha akakata mfereji wa kuupita mwili ubavu kwa ubavu, ambamo komeo litateleza. Hakupima kwa rula. Alipima kwa komeo lenyewe. Alilitia, akalitoa, akatazama mahali palipong'aa kwa msuguano, akaparua hapo kwa ncha ya patasi, akalitia tena. Alitaka litelezeshwe kwa kidole kimoja na lisicheze juu wala chini. Haya mawili yanapingana, na kuyapatanisha kulichukua saa nzima na zaidi.

Kisha akaligeukia komeo. Hili lazima liwe tupu ndani kuanzia upande mmoja, kama ala ya kisu, maana ufunguo utaingia humo. Kuchimba ubao kwa ndani, patasi ikiwa haionekani inachokikata, ni kazi ya vidole vya mkono mwingine vilivyoshika nje na kusikia. Alipokaribia dari ya uwazi ule, pale ubao ulipotakiwa kubaki na unene wa nusu kidole, alipunguza nguvu hata nikadhani ameacha kukata. Vumbi la mbao lilikuwa bado linatoka.

Hapo likaja jambo lililonifanya nisogee karibu. Alilitia komeo ndani ya mwili, akalisukuma mpaka mahali litakapokaa likiwa limefungwa, akavifunga pamoja kwa kamba. Akachukua keekee ya upinde, ile ambayo uzi wake huuzungusha msumari wa kutobolea mkono ukienda na kurudi, akatoboa kutoka juu ya mwili moja kwa moja hadi kuipenya dari ya komeo. Matundu matano. Hakuyapanga mstari: mawili yakakaribiana, moja likakaa kando, mawili yakaachana. Kwa kuwa tundu la mwili na tundu la komeo vilitobolewa kwa safari moja, haviwezi kupishana. Mtu angetoboa kimoja kwanza na kingine baadaye angehangaika maisha yake yote kuvilinganisha. Mzee hakuhangaika, alibadilisha utaratibu wa kazi tu, na usahihi ukaja wenyewe.

Sehemu ya juu ya kila tundu aliipanua kidogo ili kichwa cha kijiti kikae hapo kama msumari uliogota. Vijiti alivichonga vitano kutoka mti mgumu zaidi. Akakidondosha cha kwanza: tak. Cha pili: tak. Cha tatu kilichelewa. Sikio langu sasa lilikuwa limeanza kusoma, nikamtazama, naye akawa amekwishakichomoa. Akakisugua kwa tupa mara mbili, akakidondosha: tak. Kijiti kisiposhuka kwa uzito wake chenyewe, komeo halishikwi, na nyumba imelala wazi mwenyewe akidhani amefunga.

"Ami, ukitia mafuta hakitateleza?"

"Mafuta huita vumbi," akasema. "Vumbi likikaa, kijiti hakishuki. Mwachie mti ukavu wake."

Ufunguo uliandikwa na kitasa chenyewe. Mzee alichukua kipande bapa cha mti, kikubwa kama mswaki wa mtu mwenye meno makubwa, akakitia ndani ya uwazi wa komeo mpaka kikafika mwisho. Akachovya kijiti chembamba kwenye masizi, akakipitisha katika kila tundu kutoka juu. Alipoutoa ufunguo ulikuwa na madoa matano meusi, yameachana vilevile kama matundu yalivyoachana. Akatoboa penye madoa, akapigilia meno ya mti, akayaacha marefu makusudi.

Urefu wa meno hayo ndio roho ya kitasa. Komeo likisukumwa, vijiti vinashuka kutoka mwilini na kuingia katika matundu ya komeo. Nusu ya kijiti imo mwilini, nusu imo kwenye komeo, na komeo halitoki. Ili kulifungua, ufunguo huingizwa ndani ya uwazi na kuinuliwa, meno yake yakapanda kwenye matundu na kuvisukuma vijiti juu. Jino likiwa fupi, ncha ya kijiti hubaki ndani ya komeo na kulishika. Jino likiwa refu, hupita mpaka na kuingia mwilini, na hapo jino lenyewe hugeuka kijiti: ufunguo ndio unaokifunga kitasa. Lazima jino na kijiti vikutane pale hasa komeo linapoishia na mwili unapoanza, yote matano kwa wakati mmoja. Mzee aliyapunguza kwa tupa, akajaribu, akatoa, akapunguza. Nilihesabu mara 11. Mara ya 12 komeo likatoka kama lililotoka majini.

Nikachomoa mfukoni ufunguo wa nyumba yangu nikauweka juu ya mkeka kando ya ule wa mti. Misri ya kale ilikwishaijua kanuni hii ya vijiti vinavyoanguka. Linus Yale Mdogo wa Marekani, kwa hataza zake za 1861 na 1865, aliitia ndani ya silinda ndogo ya chuma, akaweka springi pale ambapo hawa walitumia uzito, na milima na mabonde kwenye ukingo wa ufunguo pale ambapo hawa walitumia meno. Mpaka ule ambao mzee alikuwa akiutafuta kwa tupa ni uleule ambao ufunguo wangu huutafuta kila jioni ninaporudi nyumbani. Mzee aliunyanyua ufunguo wangu, akapitisha kidole kwenye meno, akanirudishia kwa adabu. "Ndugu mdogo," akasema.

Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni zaidi ya kilomita 900, na ni kutoka katika hewa inayopasua midomo hadi katika hewa inayolowesha shati. Jeddah ilifanywa bandari ya Makka mwaka 647, zama za Khalifa Uthman, na tangu hapo imeishi na mvuke wa Bahari ya Shamu. Mtu wa Najd huliweka tundu dogo ili joto libaki nje. Mtu wa Jeddah hulipanua aukaribishe upepo, kisha hana budi kujibu swali gumu zaidi: upepo uingie, jicho la mpita njia lisiingie.

Mswahili akiingia Al-Balad, mji wa kale wa Jeddah ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2014, hujihisi amefika kwa jamaa. Kuta ni matumbawe yaliyokatwa mwambani, kama Lamu na Unguja. Tofauti ni kwamba huku katikati ya mawe, kila baada ya kimo fulani, hulazwa mihimili ya mbao, ili uzito wa ghorofa uenee na nyumba iweze kushuka kidogo kwenye ardhi laini bila kuchanika. Mbele ya nyumba ya Nasif, iliyokamilika mwaka 1881, umesimama mwarobaini. Wazee husema zamani ulikuwa mti pekee mjini, na nyumba ilitambulishwa kwa mti huo. Nilisimama chini yake, nikachuma jani, nikalitafuna. Uchungu uleule.

Ukitazama juu ya mwarobaini huo unaziona zikichomoza ukutani, ghorofa juu ya ghorofa, zimechongwa toka chini hadi taji. Wao huita roshan, wingi wake rawashin. Sisi tunasema roshani. Asili yake ni Kiajemi, katika neno la mwanga. Kwetu roshani ni mahali pa kutokea nje. Hii ya Jeddah ni chumba kidogo cha mbao kinachoning'inia juu ya njia: zamani watu walikaa humo, wakanywa kahawa, wakalala usiku wa joto.

Fundi niliyemtazama alikuwa akikarabati kipande kimoja tu cha roshani moja, paneli ya kimia ya ukubwa wa sinia, iliyoliwa na chumvi na miaka. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu wa maneno. Kabla ya kukata chochote aliilaza paneli kongwe juu ya meza akaisoma kwa vidole, akigeuza kila papi kutazama upande uliokuwa umefichwa, maana hapo alama za mkono wa fundi wa kwanza hazikuliwa na jua. Alinionyesha mstari mwembamba kama unywele, uliokwaruzwa kwa ncha ya kisu. "Huu ndio upimaji wake," akasema. Aliunakili mstari huo kwenye mti mpya kwa kisu pia, wala hakutumia penseli. Alama ya penseli ina unene, na unene huo huzidishwa kwa idadi ya papi.

Mti ni msaji, uliokuwa ukiletwa kwa majahazi kutoka India na Java, ambao mafuta yake ya asili huusaidia kuvumilia maji na mchwa. Aliupasua kuwa papi nyembamba, akazipiga randa mpaka zikalingana. Mafundi wa Cairo hupenda kimia cha vijiti vilivyokerezwa kama shanga. Wa Jeddah wamezoea zaidi papi na mbao za kukatwa. Papi huonekana kazi nyepesi. Kila mahali mbili zinapopishana, kila moja hukatwa nusu ya unene wake, ili zikishaingiliana uso ubaki sawa kama ubao mmoja. Paneli ile ndogo ilikuwa na mapishano zaidi ya 100. Chale ikiwa finyu, papi hupasuka; ikiwa pana, hulegea, na paneli italialia kila upepo ukija. Alikata kwa msumeno mdogo upande wa ndani wa mstari, akamalizia kwa patasi pana kama ukucha, akabonyeza kwa kiganja. Sauti ya papi iliyokubali ni fupi na nzito. Hakutia gundi wala msumari.

Nilimwuliza sababu. Akaichukua paneli ya zamani akaipenyeza kwenye fremu yake, akaisukuma kushoto na kulia. Ilicheza, kidogo sana, ndani ya mfuo. Agosti, akasema, hewa ni maji, mti unavimba. Baridi ikija unajikunja. Paneli iliyobanwa kwa misumari haina pa kwenda, hujipasua yenyewe. Ile iliyoachiwa nafasi ya unene wa kadi imevimba na kujikunja maisha yake yote na bado iko nzima. Hata nafasi hiyo, ambayo hakuna mpita njia atakayeiona, ilikuwa imepimwa.

Ukikaa ndani ya roshani mchana, barabara yote ni yako. Unamwona muuza maji, mtoto anayekimbia na mkate, mzee anayetafuta kivuli. Ukishuka ukatazama juu, huoni ila weusi. Jicho lililo gizani humwona aliye kwenye mwanga, na aliye kwenye mwanga huishia kwenye papi. Ndiyo sababu papi hupangwa karibu zaidi kwenye kimo cha mtu aliyekaa na kuachana zaidi juu ya kichwa chake, ambako hapana wa kutazamwa na upepo unaweza kuachiwa njia. Zamani, katika njia hiyo ya upepo uliwekwa mtungi wa maji wa udongo usiotiwa rangi, uliofukizwa moshi wa mustaka. Mtungi huo nao hutoa jasho kwa vitundu visivyoonekana. Upepo hulichukua jasho, mtungi hupoa, maji hupoa, na anayeinama kunywa hupigwa usoni na ubaridi kabla maji hayajafika mdomoni. Fundi alikuwa na mmoja kwenye kona ya karakana. Alinimiminia. Harufu ya mustaka ilikuja kwanza.

Jioni paneli mpya ilikamilika. Tulipanda nayo ngazi, yeye mbele, akiwa ameikumbatia kifuani kama msahafu, mpaka kwenye chumba kisicho na fanicha ambamo roshani ilikuwa ikingoja na pengo lake. Akaipenyeza kwenye mfuo kwa vidole gumba viwili. Iliingia. Upepo wa baharini ulikuwa umeanza. Sikuona kasoro yoyote na nilikuwa tayari kumpongeza, lakini yeye alifungua kiganja akakisimamisha nyuma ya kimia, karibu bila kugusa, akakipeleka polepole kutoka kona hadi kona kama mtu anayepapasa homa kwenye paji la mtoto. Kona ya chini kushoto kiganja kilisimama. Akakirudisha, akakipeleka tena, kikasimama palepale. Akaichomoa paneli, akaketi sakafuni penye mwanga uliobaki, akaitafuta papi ile moja, na kunyoosha mkono kuchukua patasi.